Karati Kumi Kidoleni mwa Bibi

Ukoo wetu haujawahi kuelewa kazi yangu. Niko Arusha, kwenye ofisi ya mfanyabiashara wa vito, na kazi yenyewe ni kukaa mezani na lenzi, kuangalia mawe madogo kuliko punje ya mtama, na kusema hili lina uzito gani na lile lina kasoro wapi. Kule Bariadi walisikia neno "mawe" wakaridhika. Jirani mmoja aliwahi kunipigia simu kuulizia bei ya tripu ya kokoto, na kwa kuwa nina adabu, nilimtafutia.

Jiwe likiwa peke yake halina maneno, unaliweka kwenye mzani mdogo na mzani unasema. Taabu ni jiwe lililokwisha kufungwa kwenye pete, na mwenye pete hataki uling'oe kwa sababu hakuamini, na ana haki. Hapo ndipo tunapokadiria. Kama ni almasi ya duara, unapima upana wake kwa milimita, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha kwa kina chake, kisha unazidisha kwa 0.0061. Jibu ni karati. Ile namba ndogo ya mwisho ndiyo iliyobeba uzito wa almasi kama almasi. Yakuti ina namba yake, na kioo cha chupa ya soda nacho kina yake, ila sijamwona anayehangaika kuitafuta.

Sasa nimlete baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu. Baba mkubwa ni mfanyabiashara wa ng'ombe, hakosi mnada, na ana futi ya fundi cherehani ambayo haijawahi kupima nguo. Anamzungushia ng'ombe futi hiyo kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, anauzidisha mzingo kwa mzingo, anazidisha kwa urefu wa mwili, anagawanya kwa namba aliyopewa zamani na bwana mifugo, anapata kilo. Kusema kweli hata futi haihitaji. Anamtazama ng'ombe aliye ng'ambo ya zizi, anakuambia kilo zake, na mzani ukija unamfuata yeye. Futi ni ya kuwanyamazisha wanunuzi wabishi.

Siku moja akanipigia simu nikiwa nakula chakula cha mchana.

"Ng'wanawane, mwanangu, jiwe la kwenye pete mnalipimaje bila kuling'oa?"

Nilifurahi mno. Miaka yote hiyo, na hatimaye mtu wa ukoo wangu ameuliza swali la kazi yangu! Nikaanza kumweleza kwa madoido: upana mara upana, mara kina.

"Halafu mara namba," akamalizia mwenyewe. "Namba gani?"

"Sifuri nukta sifuri sifuri sita moja. Ila baba, upana wenyewe unatakiwa—"

"Kumbe ni kama ng'ombe tu. Wabeja, wabeja gete." Akanishukuru hivyo kwa Kisukuma, akakata.

Nikaendelea na wali wangu nikiwa na furaha ya mwalimu aliyeeleweka.

Pete aliyokuwa akiiulizia ilikuwa kidoleni mwa bibi yangu, mama yake mzazi, anayeishi Nkololo. Babu alikuwa mpishi kwenye kambi ya wachimbaji, na alipokuja kuoa, pamoja na ng'ombe wa mahari, alileta pete yenye almasi. Wenye midomo walisema aliitoa kambini ndani ya donge la ugali. Bibi husema aliinunua kwa sonara Mwanza, na kwamba mwizi asingethubutu kumposa yeye. Imekaa kidoleni tangu hapo. Amelima nayo pamba, amekamua nayo, amezaa nayo watoto wote, na kifundo cha kile kidole kikavimba kwa jembe na baridi yabisi hadi pete ikawa haina pa kupita.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeijali. Halafu baba mkubwa akasikia mnadani habari za mtu wa mkoa wa jirani aliyeuza almasi akajenga, na usingizi ukamruka. Ndipo aliponipigia simu, na ndipo alipokwenda Nkololo na rula ya shule.

Bibi ndiye aliyenisimulia, akicheka hadi akakohoa. Baba mkubwa aliomba rili ya uzi mweusi kwenye kopo la sindano la bibi, akakata kipande, akalizungushia jiwe kama anavyomzungushia dume kifuani, akakinyoosha kile kipande juu ya rula. Milimita ishirini. Kina akakipima ubavuni, maana jiwe limeinuliwa juu na vikucha vya dhahabu: nne. Akaingiza kwenye simu, ishirini mara ishirini, mara nne, mara ile namba yangu, na simu, ambayo haina ubongo wa kumuuliza mtu una uhakika mzee, ikamjibu karati tisa na nusu na ushee.

"Kumi," akasema baba mkubwa. Bei za ng'ombe nazo huwa anazipandisha hivyo hivyo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, na bibi yangu alipona kweli. Wanawe, ambao huko nyuma alikuwa akiwaona Krismasi na misibani, wakaanza kuchungulia kila wiki. Baba mdogo anayenunua pamba Kasoli alileta mchele, sukari na taa za sola zenye betri kubwa na inveta. Baba mkubwa akaleta mabati na fundi, wakaezua nyasi upande wa sebule na chumba cha kulala, wakapiga bati linalong'aa hadi ng'ombe wakawa wanashtuka. Wakwe wakaja kumchotea maji. Kuna mmoja aliyemwosha miguu.

"Mke mwenzangu," aliniambia kwenye simu, kwa utani wake wa siku zote, "wanangu wamerogwa. Wananisalimia, na si sikukuu."

Alisema kwa kicheko, lakini nilimsikia alivyokuwa na raha. Nilijua pia raha hiyo imefungwa kwenye nini, na ikanichoma. Mama yao hakuwa amebadilika hata kidogo. Ni yule yule, na uji wake ule ule, na hadithi zake zile zile za punda aliyekula khanga. Kilichoongezeka ni karati.

Kisha nikaitwa. Kungekuwa na kikao cha familia Jumapili, nami nikae kwenye nafasi ya marehemu baba yangu na nithibitishe kitaalamu. Nikapakia lenzi na kalipa, kile chombo cha chuma kinachobana kitu na kusoma milimita zake, nikapanda basi nikiwa najiona mtu mkubwa. Karati kumi! Nimeshika mawe mengi, lakini la namna hiyo nililiona kwenye picha tu. Tena nilikuwa nimewahi kuishika pete hiyo utotoni, na kichwa changu kikawa kinasema haiwezekani, na tumbo langu likawa linasema kimya wewe, mtoto huona nini.

Nilifika Nkololo asubuhi ya Jumapili yenyewe. Bibi alikuwa jikoni, chini ya nyasi kuukuu ambazo zilikuwa bado hazijaezuliwa, anachambua mlenda. Nilipiga magoti kidogo, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mbona umekonda? Huko Arusha mnakula mawe?"

Akaninyooshea mkono bila kuombwa. Nikaifuta almasi kwa pembe ya khanga yake, maana ilikuwa na mafuta ya samli ya nusu karne, nikaitazama kwa lenzi. Tuliondoe hili mapema: ilikuwa almasi ya kweli. Ina unjano wa maji ya kunde na doa jeusi pembeni, kama kisu kilimteleza aliyeichonga, lakini ni almasi. Babu hakudanganya na hakudanganywa. Kisha nikabana kalipa, nikasoma: milimita sita nukta nne. Nikageuza, nikabana tena. Sita nukta nne. Kina, tatu nukta tisa.

Nilihesabu kichwani, nikahesabu kwenye simu, nikakaa chini kwenye kigoda. Haikufika hata karati moja. Ilikuwa imepungukiwa kidogo tu, kama kibaba kisichofika ukingoni.

Hapo ndipo nilipouona uzi. Baba mkubwa alikuwa amepima mzingo, kama kifua cha fahali, wakati almasi hupimwa upana wa juu, kama ungepima mgongo wa ng'ombe ukiwa angani. Mzingo wa duara ni zaidi ya mara tatu ya upana wake, na ukishauzidisha kwa wenyewe, kosa linafika kama mara kumi. Karati moja inaingia kwenye hesabu upande huu, upande wa pili zinatoka kumi. Hata benki hazijafikia hapo.

Nikamweleza bibi. Vidole vyake vikaendelea na mlenda.

"Kwa hiyo ni kadogo."

"Ni kadogo, bibi. Ni kazuri, lakini ni kadogo."

"Mimi nilijua. Ningebebaje kitu kikubwa hivyo na jembe?" Akacheka, halafu akaacha. Akatazama juu, kwenye nyasi zilizooza, ambako mwanga ulikuwa unapenya kwenye matundu. "Usiwaambie kwanza. Upande wa jikoni bado."

Nilidhani anatania. Nilipomwangalia usoni nikaona hatanii sana.

"Si bati tu," akasema. "Wakija, wanakaa. Juzi baba yako mkubwa alikaa hadi chai ikapoa. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini."

Chuoni nilikosomea kulikuwa na somo la kasoro za mawe, muhula mzima, na hakuna aliyetufundisha la kumjibu mtu wa namna hii.

Ningenyamaza. Nasema kweli, nilishaamua kunyamaza, nilishatunga na uongo wa kitaalamu kuhusu mafuta ya samli na kupinda kwa mwanga, uongo wa kutosha bati la jikoni na la choo. Lakini kikao kilipoanza baada ya chakula, niliona kwamba baba mkubwa amekuja na fundi wa kuchomelea kutoka mjini, na fundi amekuja na grinda.

Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema waliotunga methali. Hawakuwahi kukaa kikao na baba zangu. Walikuwa wamekubaliana pete ikatwe siku hiyo hiyo. Baba mdogo wa Kasoli alikuwa ameshachagua rangi ya trekta. Kuhusu kidole, fundi aliwahakikishia kwamba ameshakata chuma kigumu kuliko dhahabu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitilia shaka. Angeweka kijiko katikati, akasema, cheche zisimpate mama.

Bibi alikuwa kwenye mkeka, mkono wake umeingia ndani kabisa ya khanga. Ukweli ungeizima grinda, nao ungewazima wanawe. Uongo ungemletea bati jikoni, lakini ungeondoka na pete, na labda na ngozi. Alinitazama mara moja, kisha akatazama miguu yake.

Fundi akachomeka waya kwenye inveta ya sola, ile ile aliyoletewa bibi kwa mapenzi. Nikasimama.

"Baba mkubwa, ukitaka kilo za ng'ombe, unapima wapi?"

"Kifuani. Kila mtu anajua."

"Na ukitaka kujua kama atapita kwenye mlango wa zizi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Unapima upana wake. Mapaja."

"Jiwe linapimwa kama mlangoni," nikasema. "Si kama kifuani."

Nikaiweka kalipa mkononi mwake, na bibi, polepole, akautoa mkono kwenye khanga. Baba mkubwa alibana mwenyewe. Akasoma. Akavuta simu yake na kuhesabu, midomo ikicheza, kisha akahesabu upya. Huwezi kumdanganya mtu huyu kwa vipimo, na akishauona ukweli hana ubishi. Ni kwamba tu hakuwa amewahi kukutana na kiumbe kinachopimwa bila kufungwa kamba.

"Kumbe ni ndama," akasema.

Baba mdogo akauliza ndama gani. Fundi akachomoa waya, akauliza nauli yake nani anailipa, na hilo ndilo lililojadiliwa kwa uchungu kuliko yote. Kabla jua halijashuka, pikipiki zilikuwa zimeondoka. Nilibaki na bibi, masufuria ya wali na mkeka mrefu usio na watu.

"Umefanya vizuri," akaniambia. Hakuwa amefurahi.

Nilirudi Arusha. Kuhusu bati la jikoni, baba mkubwa alisema tusubiri pamba iuzwe. Baba mdogo alisema barabara mbaya. Mvua zikaja, nikawa nampigia bibi, ananiambia jikoni kunavuja ila sebuleni ni kukavu kama benki, na kwamba yeye ni mzima. Nilimwuliza kama anakula. Akasema anakula. Mimi, ninayelipwa kuwatilia watu shaka, nikaamini.

Nilikwenda tena wakati wa kuvuna pamba. Bibi alikuwa amekaa pale pale jikoni, na nilipompigia goti akaninyooshea kiganja badala ya shavu. Katikati ya kiganja ilikuwepo pete.

"Imetoka yenyewe," akasema. "Nilikuwa naosha mchele, nikaiona kwenye maji. Sasa ipime vizuri, bila kidole kukusumbua."

Nikaipokea. Fundi na grinda hawakuitoa, na kifundo kilichovimba kwa miaka mingi hakikukubali, halafu pete imetoka kwa maji ya mchele. Nikautazama ule mkono. Nikapandisha macho, nikatazama bega chini ya khanga, na shingo. Nilitoa sauti ambayo sikuikusudia. Ninasoma uzito wa kitu kwa upana na kina chake, ndiyo kazi niliyosomea, na kwa simu nilikuwa nimempima bibi yangu kwa neno lake tu.

Sikuitoa kalipa. Nilimpigia baba mkubwa, nikamwambia njoo, na nikakata kama yeye anavyokata.

Alikuja na pikipiki, amevaa koti la mnadani, uso umeshajikunja kwa maneno ya bati na pamba aliyoyaandaa njiani. Akaingia jikoni akainama kwa sababu ya mlango. Akamwona mama yake.

Nimesema kwamba mtu huyu hahitaji futi. Alimtazama kwa muda ule ule anaomtazama ng'ombe wa ng'ambo ya zizi, na maneno yote ya pamba yakamwisha. Hakutaja kilo. Alikaa chini kwenye udongo na koti lake zuri, akaushika mkono wa mama yake, akauzungushia kidole gumba na cha shahada pale kwenye kifundo cha mkono, na vidole vyake vikapishana.

"Mayu," akasema, "tangu lini?"

"Tangu mlivyoacha kuja kula," bibi akamjibu. "Mtu hapiki wali wa peke yake."

Baba mkubwa akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba yangu. Kisha akafuta pua kwa kiganja na akawa mtu wa mipango: kesho hospitali ya Bariadi, leo kuku, na yeye hapa haondoki. Akaniomba lile kopo la sindano. Akatoa rili ya uzi mweusi, ile ile, akaanza kuuzungusha kwenye pete upande wa chini, mzunguko juu ya mzunguko, anaubana kwa ukucha, anaijaribu kidoleni, anaitoa, anaongeza. Alifanya taratibu sana kwa mtu mwenye mikono mikubwa hivyo. Hatimaye pete ikakaa.

Bibi akageuza mkono, akautikisa, almasi haikucheza. Baba mkubwa akakata uzi kwa meno na kuirudisha rili kwenye kopo.

"Hiyo rili usiiweke mbali," bibi akamwambia. "Utaongeza uzi tena."

Baba mkubwa akaitoa kwenye kopo, akaitia kwenye mfuko wa shati, akatoka kwenda kumkamata kuku.